Kumhamisha Baba

Ninafundisha mwisho wa dunia, na nimechoka nao. Chuo chetu cha wachungaji kiko hapa Manika, mtaa wa Kolwezi, nyuma ya soko, madarasa machache yenye bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, na kila muhula huingia darasani nikijua swali la kwanza litakuwa lipi. Likitokea tetemeko la ardhi mahali, ukizuka ugonjwa mpya, nabii wa redioni akiota tarehe, kabla sijafuta ubao mkono wa mtu umekwisha kupanda juu. "Mwalimu, sasa njo yenyewe?" Wanataka niwaambie kama hii sasa ndiyo ile siku. Nami hujibu bado, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama maharagwe yameiva.

Zamani nililipenda somo hili. Nilipenda hasa sehemu ya Masihi, maana humo ndimo wanafunzi wanapogundua kwamba hawajui wanachodhani wanakijua. Huwaeleza kwamba katika siku za utawala wa Roma watu hawakumngojea mpakwa mafuta mmoja. Wengine walingoja mfalme wa ukoo wa Daudi mwenye upanga mkononi. Wengine walingoja kuhani safi wa kulitakasa hekalu. Tena kulikuwa na jumuiya huko jangwani iliyongoja wawili pamoja, mfalme na kuhani, kila mmoja na kiti chake. Wanafunzi hulichukia jambo hilo. Wangependa kila mtu wa zamani awe alikuwa akimngojea yule yule wanayemwona kwenye kalenda ya ukutani. Huwaambia kwamba mtu aliyeumizwa humngojea mwokozi kufuatana na kidonda chake, na hakuna anayeliandika hilo, kwa sababu wanajua halitokei kwenye mtihani.

Halafu kuna somo la kuja kwake. Neno walilolitumia waumini wa kwanza kwa kuja kwa Bwana lilikuwa neno la kawaida la mjini, la ziara ya mtawala. Mkubwa akija, wenyeji walitoka nje ya lango, wakamlaki barabarani, wakarudi naye mjini wakiimba. Hapa Kolwezi sihitaji mfano wa Roma. Kila mtu darasani amewahi kupangwa kwenye barabara ya uwanja wa ndege akiwa mtoto wa shule, shati jeupe, bendera ya karatasi mkononi, njaa tumboni, akimngoja mkubwa kutoka Kinshasa ambaye hufika jua likitua au asifike kabisa. Mwaka mmoja mama mmoja, mwanafunzi aliyekuwa akiuza nguo za mitumba sokoni, aliuliza, "Na kama hakuya, mwalimu, bendera tutarudisha kwa nani?" Darasa lilicheka mpaka mkuu wa chuo akachungulia dirishani.

Na katika miji ile makaburi yalikuwa kando ya barabara, nje ya lango. Mgeni aliyekuja kutoka mbali aliwapita wafu kabla hajawafikia walio hai. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaosema kwamba mtume, alipowaandikia watu waliolia kwa sababu wafu wao wameikosa siku kuu, alikuwa akiwafariji kwa kitu walichokiona kila siku: hao mnaowalilia hawatakuwa wa mwisho, watakuwa wa kwanza, njia inapita kwao. Hilo ndilo somo langu bora. Nimelifundisha mara nyingi sana, na kiangazi kilichopita lilikuja nyumbani kwetu.

Mgodi ulikuwa unapanuka, kama migodi inavyofanya huku kwetu, na makaburi ya zamani ng'ambo ya reli yalikuwa yamelala juu ya madini. Kampuni ilikuwa imepata uwanja mwingine upande wa pili wa mji, imeusawazisha, imepanda miti. Kila familia ilitakiwa kutoa neno lake la kukubali, kisha mifupa ya mtu wao ihamishwe kwa heshima mbele ya macho yao. Wale ambao hawana wa kuwasemea wangehamishwa pamoja, pembeni, bila jina. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkuu wa chuo, ambaye pia ni mchungaji wangu, aliniomba niwaeleze watu baada ya ibada, kwani mimi ndiye mtu wa ufufuo. Nilieleza. Nilisema Mungu hashindwi na umbali. Watu waliitikia kwa vichwa wakaenda zao, maana mtu wa Kolwezi ameona mtaa mzima ukihamishwa kwa ajili ya kilicho chini yake, na kaburi halimshangazi sana. Mjane mmoja tu alikataa. Mjane huyo ni mama yangu.

"Bao batafute mabwe yabo," alisema, akimaanisha hayo mawe ya madini. "Papa yenu haina libwe." Baba yetu si jiwe.

Ili nieleweke lazima niseme baba alivyofika hapo. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, akafanya kazi karakana Kolwezi, na Kasai aliijua kwa hadithi na kwa jinsi ya kupika. Kisha ukaja ule mwaka ambao watu wa asili yetu waliambiwa warudi kwao, kwao penyewe pakiwa mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupaona. Tulihamia stesheni na magodoro, sufuria na kuku wetu, tukangoja treni pamoja na mamia ya familia nyingine. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka moshi wa majiko na harufu ya choo, na mhubiri mmoja aliyesimama kila asubuhi juu ya sanduku la soda akinyoosha kidole kwenye reli, akisema hizi ni siku za mwisho, Bwana atafika kabla ya treni. Nilimwamini. Nilikuwa natazama upande ule ule kuwangoja wote wawili.

Baba alishikwa na tumbo. Alilala kwenye mkeka chini ya ukuta wa stesheni, akikonda, na kila alipofumbua macho alikuwa na swali moja.

"Treni ilifika?"

"Haiyafika bado, papa," mama alimjibu. "Lala."

Alikufa bado anauliza. Tulimzika siku ile ile, haraka, ng'ambo ya reli, wanaume wanne wa stesheni wakichimba kwa zamu. Mama akaweka juu ya kaburi kikombe cha bati alichokitumia baba kazini, akakitoboa kwa msumari kwanza, kama desturi yetu ilivyo, mwizi asikitamani na aliye hai asikinywee. Treni ilifika kesho yake asubuhi. Watu walipanda hadi juu ya mabehewa. Mjomba alikuwa ameshatupandishia godoro, anatuita, na mama amesimama chini, mimi mkono huu, dada yangu mkono ule, hasogei. Sikiliza, mimi nilitaka kupanda. Nililia nikitaka kupanda. Mama alisema hawezi kumwacha mtu peke yake katika mji uliomfukuza, mtu mwenyewe hata hajamaliza kungoja. Godoro likaenda Kasai. Sisi tukarudi Manika kwa miguu, na mama mmoja Mprotestanti, wa watu wa kaskazini ya Katanga, akatufungulia mlango wa nyuma. "Ingia, mama. Batoto beko na njaa." Tulikaa kwake hadi mji ulipotulia.

Kwa hiyo mama ni mtu aliyebaki Kolwezi kwa ajili ya kaburi. Aliuza mafuta ya mawese, akauza chumvi, akatusomesha, na huku nyuma alienda ng'ambo ya reli na jembe lake kukata majani, kupaka msalaba chokaa, kuketi. Ndugu zake waliacha kumwita. Watu wakimwuliza kwa nini hakwenda kwao, aliwaambia, "Mi niko na muntu hapa."

Mimi nilijua yote haya. Lakini msomi akiwa na hoja nzuri hawezi kukaa nayo kimya. Nilikwenda kwake siku moja mchana, nikamkuta barazani anachambua sombe, majani ya muhogo, nikaketi juu ya kibao, nikaanza. Nilianza na lango na barabara, nikaendelea na wafu walio wa kwanza. Yeye alikuwa akivunja vikonyo vya majani na kuvitupa. Mwisho nikafika nilipotaka kufika, kwamba mahali si kitu.

"Mama, Bwana hatafutaka bantu na adresse. Hata mutu alizama mu mayi, atamukusanya. Fasi haina kitu."

Mikono yake ilisimama.

"Unasema fasi haina kitu?"

"Haina kitu, mama. Hata Maandiko—"

"Kama fasi haina kitu, njo mi nilibakiaka hapa juu ya nini?"

Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, ila kama anasubiri mwanafunzi mzito amalize hesabu, kisha akarudi kwenye sombe yake. Miaka yote ile darasani hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali nikakosa hata la kubabaisha. Siku ile nilikosa. Nilipanda pikipiki ya taksi kurudi nyumbani, vumbi jekundu la malori ya mgodi likiniingia kinywani, na nilimkasirikia mama, nikaukasirikia mgodi, nikamkasirikia na mtume pia kidogo.

Siku tulizopewa na kampuni zilikuwa zinakwisha. Familia nyingine zilikuwa zimeanza kuhamisha watu wao; kila ukipita reli uliona mashimo mapya na udongo uliogeuzwa. Mama alikwenda kama kawaida na jembe lake na kufagia kati ya mashimo. Nikawa silali vizuri. Kama asingetoa neno, baba angewekwa pembeni na wale wasio na mtu, yeye ambaye mtu wake alikaa mji huu miaka yote kwa ajili yake. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na elimu yangu ilikuwa imelizidishia ubaya.

Kisha asubuhi moja alifika mwenyewe mlangoni kwangu, kapanda nyuma ya pikipiki kiubavu, amemshika dereva koti. Hakutaka chai.

"Nitakubali," alisema. "Lakini weye njo utamwambia."

Nikaelewa mara moja, nikatamani nisielewe. Kwetu mtu aliyekufa hanyanyuliwi kama gunia. Mtoto wa kwanza humwita, humwambia anatolewa hapa anapelekwa pale, na kwa nini, asije akabaki ndani ya shimo akishangaa mwili wake umekwenda wapi. Wazee wa babu walifanya hivyo. Na mimi, kila mwaka, katika wiki ya hali ya wafu, hufundisha kwamba mfu haambiwi kitu, anayeambiwa ni Mungu. Huwa nalifundisha kwa sauti kubwa kidogo, kwa sababu najua nusu ya darasa wana babu zao marehemu wanaoongea nao.

Nilimweleza mkuu wa chuo, nisimfiche. Alivua miwani.

"Mwalimu, weye njo unafundisha ufufuko, alafu utaongea na mifupa mbele ya banafunzi?"

"Nitaomba tu, mchungaji. Nitaomba kwa namna ambayo mama ataridhika."

"Omba basi," akasema. "Nami nitakuwepo."

Nikatengeneza sala. Niliitengeneza kwa ufundi wote nilio nao, sala inayomwelekea Mungu kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ndani yake baba akitajwa, safari ikitajwa, uwanja mpya ukitajwa, ili kama kuna anayesikiliza chini asikie kwa kupitia. Naona aibu kusema jinsi nilivyojivunia sala ile.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi ile ya Kolwezi ya kiangazi inayouma masikio. Wafanyakazi walikuwa wamevaa glavu na barakoa, makoleo tayari, na sanduku dogo la mbao limewekwa juu ya turubai safi. Mkuu wa chuo alikuja na kofia mkononi. Wanafunzi wangu kadhaa walisimama nyuma yake. Bila shaka habari ilikuwa imetembea. Mama aliketi chini kando ya kaburi, miguu ameinyoosha, na kikombe kilichotobolewa kwenye mapaja yake. Nilifumba macho.

"Bwana Mungu, wewe unamjua mtumishi wako aliyelala hapa, na leo tunapomwondoa—"

"Unaongea na nani?" mama aliuliza.

Nikafumbua macho. "Na Mungu, mama."

"Mungu anajua. Ongea na tata yako." Alimwita baba kwa neno la kwetu.

Mfanyakazi mmoja akaegemea koleo lake. Nilimtazama mama nikitumaini atanihurumia, lakini alikuwa ameangalia udongo, anangoja, na alikuwa mzee sana. Sijui kwa nini sikuwa nimeliona hilo vizuri kabla. Shingo yake ilikuwa imekonda, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Nilichuchumaa. Suruali yangu ya ibada ikagusa vumbi.

Nilitafuta la kumwambia baba. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia mtu yeyote mwingine. Nilikuwa na mpakwa mafuta wa kifalme na mpakwa mafuta wa kikuhani, nilikuwa na lango na barabara na mpangilio mzima wa siku ya mwisho pamoja na mabishano yake, na yote yaliandikwa na watu walio hai kwa ajili ya watu walio hai. Ningemweleza nini kuhusu mgodi? Ningemwambia nini kuhusu uwanja mpya wenye miti? Alikufa akiwa na swali moja tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kumjibu. Mama alikuja hapa na jembe miaka yote hii na hakumwambia, nafikiri kwa sababu hakuweza kumwambia kwamba ilikuja na sisi hatukupanda.

"Tata," nikasema mbele ya wanafunzi wangu. "Tata, treni ilifika."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Nilidhani mama atalia. Hakulia. Alipangusa kikombe kwa ncha ya kitenge chake, akakiweka kando, akapiga udongo kwa kiganja, polepole, kama anavyopiga mtu bega la mwenzake aliyepitiwa na usingizi.

"Lamuka, papa," akasema. "Lamuka. Beba mukeka yako, tuende."

Kisha akawaashiria wafanyakazi kwamba wanaweza kuanza.

Walichimba kwa upole, siwezi kuwalaumu. Waliyoyatoa yalikuwa machache, na yote yaliingia katika lile sanduku. Mkuu wa chuo ndiye aliyenisaidia kulibeba hadi kwenye gari dogo la mizigo, akaomba sala fupi, akanishika bega. Mpaka leo hajaniuliza kitu, na muhula ulipoanza alinipangia somo lile lile. Mama alikataa sanduku kuwekwa nyuma. Alilipakata mbele, kati yangu na dereva, kikombe juu yake.

Gari lilienda taratibu kwa ajili ya mashimo ya barabara. Tulipokaribia reli aliniuliza bila kunitazama, "Fasi yangu pembeni yake, uliuliza?"

"Niliuliza, mama."

"Iko?"

"Iko."

"Bon," akasema.

Dereva alipunguza mwendo kuvuka reli. Majani yalikuwa yameota kati ya mataruma, na upande wa stesheni hapakuwa na mtu. Nilitaka kumwonyesha mama ule ukuta, nikageuka, nikakuta ameshalala, shavu lake juu ya sanduku na mdomo wazi kidogo. Sikumwamsha mpaka tulipofika.